Mchoro na Neno: Safari ya Kangaruu Hadi Uingereza

Mchoro wa mnyama huaminiwa kuliko neno, kwa kuwa jicho hudhaniwa halidanganyi. Safari ya nahodha James Cook katika merikebu ya Endeavour yatutia shaka. Mwaka 1770 merikebu hiyo ilipasuka kwenye mwamba wa matumbawe, ikatengenezwa kwenye mlango wa mto kaskazini-mashariki mwa Australia. Hapo ndipo Sydney Parkinson alipomchora kangaruu kwa penseli: mistari michache tu, lakini ya mtu aliyemwona mnyama mwenyewe. Parkinson alifariki baharini Januari 1771, kabla ya kufika kwao.

Huko London, George Stubbs, bingwa wa kuchora farasi, alipewa ngozi na michoro hiyo. Ngozi ikajazwa, naye akamchora mnyama ambaye hakuwahi kumwona akiruka. Picha yake ya 1772 ilichongwa na kuchapishwa mwaka uliofuata katika kitabu cha safari hiyo, ikawa ndiyo kangaruu wa Wazungu. Kwa maoni yangu, inakaribia zaidi panya mkubwa anayegeuka kutazama nyuma.

Neno nalo je? Wenyeji, wazungumzaji wa Kiguugu Yimithirr, walisema *gangurru*, jina la aina moja tu ya kangaruu. Mabaharia wakalifanya la jamii nzima. (Kisa kwamba maana yake ni “sielewi” kilibatilishwa na mwanaisimu John Haviland miaka ya 1970.) Kiswahili kilipolipokea kupitia Kiingereza, kilipokea maana iliyokwisha kupanuliwa.