Kizuka na Fungu Lake

Wasomaji wetu wa pwani, tangu Kilwa Kivinje mpaka Lindi, wanalijua neno "kizuka". Mwanamke aliyefiwa na mumewe huitwa hivyo siku zake za eda. Lakini neno hilo hilo ndilo jina la pepo awatokeaye watu kwa ghafula, nasi twaona kwamba wengi wamezichanganya maana hizo mbili, hata mjane akaogopwa kama mzimu.

Sheria ya Kiislamu yamtaka akae eda miezi 4 na siku 10, au, akiwa mja mzito, mpaka ajifungue. Siku hizo haolewi, hajipambi, wala hajitii manukato. Haikuandikwa kwamba watu wasiseme naye, wala kwamba kumkuta njiani alfajiri ni nuksi kwa mvuvi. Tumeona wajane ambao eda yao ilikwisha zamani, na hata leo arusini hawaitwi ila kuosha vyombo.

Tena iko habari ya mali. Ajabu ni kwamba nuksi ya mjane huonekana zaidi pale penye minazi! Basi na tufanye hesabu. Mtu amekufa, ameacha minazi 88. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni. Na mahari asiyomaliza kulipa ni deni vilevile, haki ya mke kabla ya mrithi yeyote. Tuseme minazi 8 imeuzwa kwa hayo, wala hapana wasia. Imebaki 80. Marehemu akiwa ameacha mtoto, mke hupata thumuni, yaani minazi 10. Asipoacha mtoto, robo, yaani 20. Wake wakiwa wawili, hugawana fungu hilo hilo moja.

Kwa Wamwera na Wamakonde, ambao kwa desturi ukoo wao huhesabiwa kwa mama, wapwa huweza kuja kudai mali ya mjomba, na mjane akaambiwa arudi kwao. Pengine huambiwa aolewe na ndugu wa marehemu. Na ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, yasema mjane yu huru kukaa apendapo, kutoolewa tena, au kuolewa na mwanamume amtakaye, hata mila ikisema vingine.

Akitaka mirathi igawanywe, aende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, aombe msimamizi wa mirathi. Aweza kuomba awe msimamizi yeye mwenyewe. Si lazima awe shemeji.