SOMO: Kofia sita za kufikiri
Ndugu wazazi na viongozi, mtoto aliyekimbia vita hujifunza haraka njia moja ya kufikiri, ile ya kuogopa. Ilimwokoa njiani. Lakini ikibaki peke yake, kila mgeni anakuwa adui.

Daktari Edward de Bono, mzaliwa wa Malta, aliandika mwaka 1985 juu ya kofia sita za kufikiri. Si lazima kuwa na kofia; vipande vya kitambaa vinatosha. Nyeupe inauliza: tunajua nini kwa hakika? Nyekundu inasema moyo unavyojisikia, bila kudaiwa sababu. Nyeusi inaangalia hatari, ya manjano faida, ya kijani njia mpya. Ya bluu ni ya kuongoza mazungumzo.

Tuchukue mfano wa bomba la maji. Watoto wanasema: "Wenyeji wanatunyima maji." Waacheni kwanza watoe hasira yao, ndiyo nyekundu. Kisha nyeupe: nani aliona? Bomba linafunguliwa saa ngapi? Bidoni ngapi zilikuwa mbele? Uvumi mwingi hukatika hapa, kwa hiyo msiharakishe. Nyeusi nayo isidharauliwe: kama njiani kuna hatari ya kweli, mtoto aiseme na mkubwa asikilize. Kwa kijani, hata mtoto wa miaka 7 anaweza kupendekeza zamu.

Wote watumie rangi moja kwa wakati mmoja, ili pasiwe na mabishano. Juma la kwanza, anzeni na nyekundu na nyeupe tu.