Wosia, hiba au hati ya pamoja?

Nchini Tanzania, wosia hubadilishwa wakati wowote mwenye mali akiwa hai na akili timamu, na unaweza kutunzwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Hauepushi mahakama, ingawa wengi hudhani unaiepusha: msimamizi wa mirathi bado huthibitishwa huko. Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi haongezewi fungu bila ridhaa ya wenzake.

Hiba, yaani zawadi inayotolewa mtoaji akiwa hai, huhamisha mali papo hapo, wala hairudishwi kirahisi. Nyumba iliyotolewa kwa mdomo, hati ikabaki na jina la mtoaji, huzaa kesi; kwa hiyo uhamisho usajiliwe.

Kwa hati ya pamoja, wanandoa wakimiliki mali bila kutaja hisa, anayebaki hai huchukua yote. Hisa zikitajwa, fungu la marehemu huingia kwenye mirathi.