Baba, Mama na Watoto: Somo Kutoka Machimbo ya Bamburi



Likizo ya shule inapofika, nyumba nyingi huingia katika mvutano ule ule. Mama asema watoto wamechoka kukaa ndani, wapelekwe mahali. Baba auliza pesa zitatoka wapi, kisha aongeza: "Wapeleke wewe, mimi nina kazi." Basi mama huwapeleka peke yake, au haendi mtu. Jioni hapana ugomvi, lakini pana kimya. Mwezi huu tuzungumze juu ya safari moja fupi: kuwapeleka watoto wadogo mahali pa kujifunza utunzaji wa mazingira. Tutaona kwa nini yafaa waende baba na mama pamoja.

Kazi ya wawili

Kitabu cha Mwanzo (1:27-28) chaonyesha kwamba Mungu aliwaumba mwanamume na mwanamke, akawabariki wote wawili, na kuwakabidhi wote wawili dunia na viumbe vyake. Hakumkabidhi mmoja na kumwacha mwenzake. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, alifundisha kwamba malezi ni haki na wajibu wa wazazi, wala hawawezi kuyaachia watu wengine kabisa. Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alikumbusha kwamba ni katika familia tunakojifunza kwanza kutumia vitu vizuri, kushukuru, kuzuia uroho na kuheshimu viumbe.

Mwalimu wa shule aweza kumfundisha mtoto majina ya miti. Lakini upole hujifunzwa kwa kuwatazama baba na mama wanavyotendeana. Mtoto akiambiwa asivunje tawi na huku asikia wazazi wakivunjiana heshima, atashika lipi?

Machimbo yaliyogeuka msitu

Tuchukue mfano wa Haller Park, Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kazi pale mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe. Palipochimbwa pakabaki mwamba mtupu, jua kali, na maji ya chumvichumvi karibu chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kuotesha miti pale. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja utokao pande za Somalia.

Mvinje ukasitawi, kwa kuwa mizizi yake hukaa na vijidudu vinavyoupatia chakula kutoka hewani. Lakini majani yake membamba kama sindano yalianguka na kulundikana juu ya mwamba bila kuoza upesi. Hapo wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu. Wakayatafuna majani yale, na kinyesi chao kikawa mboji. Juu ya mboji hiyo ikapandwa miti mingine, wakaja ndege na wanyama. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa mlango wa kuingia kutazama.

Mtoto wa miaka minne atafurahi kuwaona twiga, viboko na kobe wakubwa. Msimulieni pia habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeachwa peke yake baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Aliokolewa akaletwa hapa, akaambatana na kobe mkongwe aliyeitwa Mzee, wakawa wakila na kulala pamoja.

Nanyi je?

Ninyi mkitembea chini ya miti ile, kumbukeni kwamba zamani palikuwa shimo. Ziko ndoa zilizofika hapo: kila mmoja amechimba kwa mwenzake, amechukua mshahara, nguvu na uvumilivu wake, wala hakurudisha kitu. Msikate tamaa. Tafuteni kwanza kile kinachoweza kuota, hata kama ni kimoja: sala ya jioni, au chai ya pamoja watoto wakisha kulala. Na yale majani yaliyolundikana, yaani maneno ya zamani yasiyosamehewa, hayaondoki yenyewe. Huhitaji kazi ndogo ya kila siku, kama ile ya jongoo: asante, pole, nisamehe. Wala msitazamie msitu kwa mwezi mmoja.

Lakini palipo na kipigo nyumbani, matembezi si dawa. Anayepigwa atafute usalama kwanza, na amwendee padre au mtu mwingine wa kuaminika apate msaada.

Jinsi ya kujiandaa

1. Patane juu ya pesa mapema. Ulizeni kiingilio, pigeni hesabu ya nauli na chakula, kisha amueni pamoja. Walio mbali na pwani wasiingie deni. Nairobi kuna Msitu wa Karura, ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka 1999 usigawiwe wajenzi. Magharibi kuna Msitu wa Kakamega. Hata kitalu cha miche kilicho karibu chafaa.

2. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mtoto mdogo huchoka haraka, basi chagueni vitu vitatu tu vya kutazama. Mkimwona amesimama akimtazama jongoo, msimharakishe.

3. Gawaneni kazi. Baba ambebe mdogo huku mama akijibu maswali ya mkubwa, kisha mbadilishane. Mama naye ameenda kupumzika.

4. Msilolijua, msilibuni. Semeni, "Hatujui, tumuulize mwongozaji." Mtoto atajifunza unyenyekevu.

5. Chukueni chakula na maji katika vyombo vya nyumbani, na takataka mrudi nazo. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa nchini.

Mkisharudi

Jioni ile, kabla ya kulala, kila mmoja ataje kiumbe kimoja anachomshukuru Mungu kwa ajili yake. Kisha katika juma hilo pandeni mche mmoja, hata kama ni sukuma wiki katika kopo kuukuu. Mama amwagilie leo, baba kesho, na watoto wasaidie. Wakiona zamu ya baba haipiti bila maji, watakuwa wamejifunza jambo kubwa juu ya mazingira na juu ya ndoa.

Maswali ya kuzungumza wawili

– Mara ya mwisho tulitoka sote na watoto lini? Ni nini hutuzuia?

– Katika ndoa yetu, ni majani gani yamelundikana bila kuoza?

– Ni tendo gani dogo la kila siku naweza kuanza kesho kwa ajili ya mwenzangu?

Mungu Muumba azibariki nyumba zenu.