Utawa katika Utengano: Maimuna Akitazamwa kutoka Majengo

Watahiniwa wengi wanapofikia nafasi ya mwanamke katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa mwaka 1980, huandika kwamba dini ya Kiislamu inamkandamiza mwanamke. Hutaja Maimuna aliyefungiwa nyumbani na babake Maksuudi, kisha huhamia hoja nyingine. Jibu hilo halitoshi, na kwa kiasi kikubwa si sahihi. Kabla ya kuliandika, hebu tutoke kitabuni kidogo twende Pumwani, mtaa ambao huenda baadhi yenu huupitia mkienda shule.

Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika jijini Nairobi. Sehemu yake ya Majengo ilijengwa na wakazi wenyewe: nyumba za udongo zenye vyumba vya kupangisha. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwepo wanawake wengi waliokuja mjini peke yao: wajane, waliokimbia ndoa na (tusifiche) waliopata mtaji kwa umalaya. Watafiti Janet Bujra na Luise White wameandika habari zao. Wengi walisilimu. Imani yao si yetu kuipima, lakini Uislamu pia uliwapa jamaa wapya, watu wa kuwauguza na kuwazika. Isitoshe, sheria ya Kiislamu ilimtambua mwanamke kuwa mmiliki na mrithi wa mali, ilhali mila nyingi za walikotoka hazikumpa ardhi.

Hata leo, dini ya wanawake wa Majengo na Eastleigh haikai nyuma ya mlango uliofungwa. Mama husali alfajiri, akakaanga mahamri ya kuuza, akawapeleka watoto shule na baadaye madrasa. Alasiri huenda darsa. Akifa mwanamke, wanawake wenzake ndio wanaomwosha na kumvisha sanda. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya magharibi, kando ya barabara hujaa kaimati na viazi karai, na wauzaji wengi ni hao hao. Buibui kwao ni vazi la kutokea nje.

Je, hakuna kukaa ndani? Kupo. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Lakini angalia: eda ina sababu, ina mwisho, na mwenye dharura anaruhusiwa kutoka. Majirani humjia kumliwaza.

Sasa rudi kwa Maksuudi. Utawa anaowawekea Tamima na Maimuna hauna mwisho wala sababu nyingine isipokuwa amri yake. Yeye mwenyewe anamwendea Kazija. Hapa ndipo penye kinaya, na ndipo penye alama: mwenye kulinda heshima ya nyumba ndiye anayeivunja. Mkumbuke pia Mwanasururu, binti wa Farashuu, aliyedhulumiwa mali yake na Maksuudi huyo huyo. Haki ambayo mwanamke wa Majengo aliipata kwa sheria ya dini, Maksuudi anamnyang'anya mkewe huku akijiita Mwislamu. Kwa hiyo kinachokandamiza riwayani ni ubabedume uliovishwa kanzu.

Mtahiniwa asipindukie upande wa pili pia. Wapo wanaume wa kweli, Nairobi na kwingineko, wanaotumia dini kama Maksuudi, na mwandishi anawalenga hao. Tena Maimuna anapotoroka kwa msaada wa Farashuu, hapati uhuru. Farashuu anatafuta kisasi, na msichana ambaye hakufundishwa kuishi na watu anaangukia ulevi na ukahaba. Linganisha na mwanamke wa Majengo mwenye nyumba yake, darsa lake na majirani zake: Maimuna anatoka nje bila hata kimoja cha hivyo.

Maswali ya marudio

1. "Mlango aliofungiwa Maimuna haukufungwa na dini." Jadili kwa kurejelea Utengano. (alama 20)

2. Eleza jinsi kinaya kinavyojengwa kupitia mhusika Maksuudi. (alama 10)