Dondoo muhimu: Una ploti ya kupangisha Migori?

Kabla fundi hajachimba msingi, iwe Suna, Awendo au Rongo, peleka ramani kaunti uombe idhini. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inaipa kaunti siku 60 kukujibu kwa maandishi. Zikipita kimya, idhini huhesabiwa imetolewa. Ndiyo maana nakala yako ipigwe muhuri wenye tarehe. Ukijenga bila idhini, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Ada za leseni na vibali hupangwa na sheria ya fedha ya kaunti, na huweza kubadilika kila mwaka. Uliza kwenye kaunta ya kaunti, si kwa jirani. Nyumba ikiwa Homa Bay, huko wana sheria yao.

Kodi ya KRA ni jambo jingine. Vyumba kumi vya shilingi 3,000 vinaleta 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka: umeshavuka kiwango cha 288,000. Utalipa asilimia 7.5, sawa na 2,250 kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Saruji na rangi ulizonunua hazipunguzi kitu.

Na mpangaji wa chumba cha shilingi 2,500 kushuka chini analindwa na Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Kumng'olea mlango kwa sababu kachelewesha kodi (mchezo wa wenye ploti wengi) ni kujitafutia kesi. Kumtoa kunahitaji amri ya baraza la kodi za nyumba.