Kulihuisha Gari Lililokwenda Vita vya Kagera

Aghalabu waulizao namna ya kuhuisha gari kuukuu huanza na rangi. Mimi huwasihi waanze na chesisi, na kabla ya chesisi, kadi. Gari langu la hapa Bariadi ni Land Rover Series III, ile ya inchi 109, ambalo mzee aliyeniuzia anasema lilikuwa likitumika katika ununuzi wa pamba, Bariadi ingali chini ya Mkoa wa Shinyanga, hata majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi Oktoba 1978 na Serikali ikakusanya magari ya mashirika na ya raia, nalo likachukuliwa kubeba chakula na majeruhi, lisirudi ila baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kauli ya mtu mmoja, hata akiwa mkweli, si ithibati. Kwa hiyo nililinganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi, mbele upande wa kulia karibu na springi, na ile ya kadi, kisha nikakwangua rangi kwa msasa wa maji mahali padogo nyuma ya mlango. Chini ya nyeupe palikuwa na kijani cha jeshi, na chini ya kijani, kijivu.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma, na jambo hilo limewahadaa wanunuzi wengi, maana chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, tena ina uwazi ndani. Na udongo mweusi wa mbuga zetu, ukishapenya humo kupitia matundu, hushikilia unyevu muda mrefu, chuma kikaliwa kutoka ndani kuja nje ilhali uso wake ungali mzuri. Gonga kwa nyundo ndogo toka mwanzo hata mwisho: palipo pazima hulia, palipooza huitika kwa sauti nzito. Palipooza pakatwe pote, ndipo pachomelewe bati la unene uleule, wala usikubali kiraka juu ya kutu. Hadhari: kabla ya kuchomelea, fungua betri, ulitoe na tangi la petroli, ambalo kwa kawaida limo chini ya kiti cha mbele.

Ubavuni mlikuwa na viraka vya zamani vilivyopigwa ribiti, na hapo ndipo tulipohitilafiana na fundi wangu, kijana hodari wa gereji.

“Mzee, tupige puti, litoke kama jipya,” alisema.

Nilikataa. Wala sikudai kwamba kila tundu ni la risasi, kwani bati hutobolewa na mengi. Walakini gari likishafutwa alama zake zote, atakayesimulia habari zake atasadikiwa kwa lipi? Tulibadili ribiti za chuma tu, kwa kuwa chuma na aluminiamu vikigusana penye maji aluminiamu huliwa, na viraka vikabaki mahali pake.

Injini ya petroli ya silinda 4 iliyolala miaka haipigwi stata. Toa plagi, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache usiku kucha, kisha izungushe taratibu kwa hendeli. Ikigoma, ongeza subira, si nguvu. Ikizunguka, pima tapeti milimita 0.25 na platini baina ya 0.35 na 0.40, ufuate mpango wa moto wa 1-3-4-2. Mipira ya breki badili yote bila kuichagua, hata ile ionekanayo mizima.

Safari ya kwanza iwe ya asubuhi, kwenye lami ya kwenda Lamadi, ukiwa na spana, kondensa ya akiba na dumu la maji. Baada ya mwendo mfupi simama, upitishe kiganja karibu na kila ngoma ya breki: iliyo moto kupita wenzake inashika, na ndiyo ya kufunguliwa kwanza.